Dada Mkubwa Asiyesalimia Barabarani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, msimamizi wa nyumba yetu ya hifadhi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Sisi tunamwita Dada Mkubwa. Mwenyekiti wa bodi, ambaye amemzidi umri kwa mbali, naye anamwita Dada Mkubwa, na hajawahi kuona ajabu.

Hakuja kuajiriwa. Alikuja kushona mapazia. Nyumba ilikuwa mpya, ina madirisha makubwa yanayotazama barabara, na wanawake waliokimbia vipigo hawawezi kulala katika nyumba ambayo kila mpita njia anaona hadi ukutani. Akaitwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, akawekwa ukumbini na mashine yake, kazi ya wiki moja. Katikati ya wiki, mwanamke mmoja ambaye hakuwa ametamka neno tangu afike alivuta kiti, akakaa karibu na cherehani, akaanza kuongea. Dada Mkubwa hakuinua macho. Aliogopa akiacha kushona na mwenzake ataacha kusema, basi akawa anakunja pindo, anashona, anakunja tena, anashona. Pazia lile lilitoka fupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, na hadi leo limetundikwa stoo, kwenye kidirisha kidogo. Mkurugenzi wa wakati huo alimwomba fundi abaki japo mwezi mmoja. Mwezi huo unaisha Ijumaa.

Mashine nayo ilibaki. Wengi wetu tuliojiita washauri tulijifunzia pale ukumbini kwamba mtu huongea vizuri zaidi asipotazamwa usoni, na mikono ikiwa na kazi. Ndiyo maana nyumbani kwetu mazungumzo mazito hufanyika watu wakichambua mchele.

Geti letu halina kibao, na majirani walijiamulia zamani kwamba hapa ni hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Wanawake wengi, wanaume hakuna, mgeni haingii hovyo. Wangefikiri nini kingine? Dada Mkubwa hakukanusha, kwani ilitufaa. Shida ilianza jirani alipobisha hodi ameshika kidole kinachovuja damu, anamwomba sista amfunge. Akamfunga. Habari zikaenea, wakaja wengine, wa jipu, wa mafua, na mzee mmoja aliyetaka tu kupimwa presha kila akipita. Ikabidi Dada Mkubwa aende kusomea huduma ya kwanza ili uongo wa watu wengine usimwaibishe yeye. Mtaa mzima bado unamheshimu kama sista, ingawa wanamwona mkali kidogo kwa wanafunzi wake.

Na kwa kuwa anaondoka, tulitoboe hili. Wageni wakija huona geti letu limebonyea upande mmoja, wakasikitika sana, wakasema waume wengine ni hatari. Sisi huwa tunatazama chini. Geti lile lilibonyezwa na Dada Mkubwa siku aliyojifunza kurudisha gari nyuma. Dereva aliyekuwa akimfundisha aliomba likizo kesho yake.

Asije mtu akadhani kazi yake ilikuwa vichekesho. Zamani mwanamke alitoa maelezo yake polisi akiwa amesimama kaunta, mbele ya watu waliofuata simu zao zilizoibwa, na wakati mwingine mume mwenyewe amekaa benchi la nyuma anasikiliza. Dada Mkubwa akaanza kwenda pale kila Jumatatu. Anakaa kwenye benchi na ufumaji wake, hasemi na mtu. Mkuu wa kituo alipochoka kumwona akamwuliza anataka nini, akajibu anataka chumba chenye mlango. Akaambiwa chumba hakuna. Akasema haya, basi atapita tena Jumatatu. Alipita Jumatatu nyingi, hata sweta ikaisha akaanza nyingine, mpaka stoo ya matairi ikasafishwa na kupakwa rangi. Sasa wanawake huketi humo na kusema yao, na mlango unafungwa kwa ndani.

Jambo moja lilikuwa likitugombanisha. Hakuwahi kumwambia mwanamke amwache mume wake, wala hakuwahi kumwambia arudi kwake. Alikuwa na swali moja tu: leo unataka nini? Wapo waliotaka kulala. Wapo waliotaka mwanasheria, wapo waliotaka shule ya watoto. Na wapo waliotaka kurudi kwa waliowapiga. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa na moto wangu, na siku niliyomkuta anampigia pasi gauni mwanamke anayerudi kwa mtu aliyemvunja mkono, nilitoka nje nikazunguka nyumba nzima ili nisimkosee adabu. Alimkunjia nguo, akamsindikiza hadi getini, akamwambia, "Mlango unaujua." Alikuwa akiwaambia wote hivyo. Wengi waliujua kweli, wakarudi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kwa nini alikwenda.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa sheria yake ya barabarani, ambayo kila mfanyakazi mpya huipata kabla hajaoneshwa choo kilipo. Ukikutana na mwanamke aliyewahi kuishi kwetu, sokoni, stendi, popote, humjui. Usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Akikupita, umepitwa, endelea na safari yako.

Sheria hiyo ina sababu. Miaka mingi iliyopita mmoja wetu, mtu mwenye roho nzuri kabisa, alimwona mwanamke stendi akafurahi, akapaza sauti kumwuliza kama mkono umepona. Yule mwanamke alikuwa na mawifi zake wawili. Walikuwa wameambiwa kwamba mwezi ule wote alikuwa kwa shangazi yake anamuuguza. Yaliyompata jioni ile hayafai kuandikwa kwenye jarida letu hili. Alirudi kwetu, akapona, na Dada Mkubwa akatunga sheria.

Ni sheria nzuri na inauma. Inamuuma yeye kuliko wote, maana Mungu hajaumba mtu anayependa salamu kama huyu. Salamu yake fupi inamaliza kikombe cha chai: habari za nyumbani, za watoto, za goti la mama, za yule kuku aliyepotea. Akienda dukani kununua chumvi tunapika bila chumvi. Mtu huyo huyo, miaka thelathini na moja, amekuwa akipishana mjini na wanawake aliowapikia uji, aliowashika mkono mahakamani, aliowafundisha kulala tena taa ikiwa imezimwa. Wanapita wamependeza, mikoba begani, na yeye anageukia nyanya na kuuliza bei.

Mmoja wao tutamwita Mama Pacha. Alifika na ujauzito mkubwa, na mapacha wake wa kike ndio watoto walioishi nyumbani kwetu muda mrefu kuliko wote. Walijifunza kutembea katika korido yetu wakiwa wameng'ang'ania sketi ya Dada Mkubwa, mmoja kila upande, hivyo kwa miezi mingi msimamizi wa nyumba alitembea kama mtu anayevuka mto. Usiku wakilia, mmoja mgongoni kwake, mwingine kwa mama. Walipoondoka, alifua shuka zao, akazianika, akazianua, akazifua tena.

Baadaye Mama Pacha alipata kazi katika duka la dawa. Nasema duka la dawa, na kama si la dawa msinitafute. Dada Mkubwa anameza vidonge vya presha, na karibu na kwake kuna maduka mawili yanayoviuza. Hanunui huko. Kila mwezi anapanda basi hadi upande wa pili wa mji, anapanga foleni, anafika dirishani. Mama Pacha anamwuliza kama ni vile vile. Anajibu ni vile vile. Analipa, anashukuru, anaondoka. Mama Pacha hajawahi kuanza salamu. Ana maisha mapya, ana wenzake kazini, ana watu wasiojua chochote, na ana haki ya kuwa hivyo. Dada Mkubwa hutwambia hivyo yeye mwenyewe, bila kuulizwa, kila akirudi, na kisha huenda kushona kitu kisichohitaji kushonwa.

Mwaka huu nilimsindikiza kwa gari. Ilikuwa saa za watoto kutoka shule. Tulipofika dirishani mapacha walikuwa mle ndani, wamevaa sare, wamekuwa warefu, wanamsaidia mama yao kupanga maboksi. Mmoja alichukua bahasha ya vidonge akaileta mbele kwa mikono miwili. Akamtazama Dada Mkubwa usoni, kama anavyomtazama mteja yeyote mwenye mvi, akasema, "Shikamoo, Bibi."

Mtoto alilelewa vizuri, akamsalimia mtu mzima, basi. Hakumjua. Lakini mimi nilijua sheria inasemaje, na Dada Mkubwa aliyeitunga alijua zaidi: ukisalimiwa, unaweza kuitikia. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuuliza jina, darasa, kama bado wanalala wameshikana vidole. Nyuma ya kaunta Mama Pacha alikuwa anahesabu vidonge vya mtu mwingine, akakosea, akavimwaga, akaanza upya, hakuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema Dada Mkubwa. Akachukua bahasha yake.

Tukaondoka kwa gari, tukavuka daraja. Kisha akasema ana meno mazuri yule, na mwenzake kidogo mwembamba, lakini si kwa njaa, ni umbo. Akafungua dirisha, akalia waziwazi, nami nikaendesha polepole. Sijawahi kumwona mtu akitamani kitu kiasi kile, kikiwa pale mkono wake unapofika, na akakiacha.

Mwezi uliopita tulimwendea mkurugenzi na ombi. Tulisema mtu akistaafu si mfanyakazi tena, kwa hiyo sheria ya wafanyakazi haimhusu, aruhusiwe kuwasalimia waliopita kwetu. Mkurugenzi alikubali papo hapo. Aliyekataa ni Dada Mkubwa. Alisema, "Mimi nastaafu. Wao hawajastaafu."

Sherehe itafanyika ofisi ya mjini, ghorofani juu ya duka la fotokopi. Tutakuwa wafanyakazi, bodi, dereva aliyerudi kutoka likizo, na mkuu wa kituo cha polisi aliyeomba mwenyewe aalikwe. Ukumbi utatosha, na hilo ndilo linalotuuma. Kama wangeweza kuja wote waliopita mikononi mwake, tungehitaji uwanja wa mpira, na bado watoto wangekaa chini.

Dada Mkubwa, tunakushukuru kwa kila pindo ulilokunja huku unasikiliza. Nyumba itakuwa kubwa bila wewe, na sisi tutakutafuta vyumbani kwa muda mrefu, tukijua hupo. Pumzika, kula kwa wakati, meza vidonge vyako, na uvinunue popote moyo unapokupeleka. Mungu akupe miaka mingi yenye watu wa kusalimiana nao hadi chai ipoe.

Sisi ukitukuta njiani tutaanza, na tutapiga kelele mpaka watu wageuke. Lakini mji huu umejaa wanawake watakaoendelea kukupita kimya, wakikuona, wakikujua, wakilimeza neno. Leo tunalisema sisi kwa niaba yao wote, na kwa niaba ya wawili wenye sare.

Shikamoo, Dada Mkubwa.