Puseletso Makhooe: Makwenya ya Hofu na Makwenya ya Raha

Ndugu wa ukoo wa Makhooe, wakwe, majirani na waumini, mimi ni Dimakatso, dada wa mume wa marehemu. Wifi hutaniwa hata siku ya kuzikwa, lakini nimeombwa niwe na adabu, na nitajitahidi.

Puseletso alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, katika shamba la mzungu karibu na Dewetsdorp, mtoto wa tatu wa Mzee Ntaopane, mchunga kondoo, na mkewe. Alisoma shule ya shambani hadi darasa la sita. Wakati wa mavuno shule ilifungwa na watoto wote wakaenda kuvuna mahindi. Alipenda hesabu na alichukia kushona, na kushona ndiko kulikokuja kumlisha.

Mwaka 1980 alihamia Botshabelo na wazazi wake, akapata kazi katika kiwanda cha nguo. Tarehe 3 Desemba 1983 aliolewa na kaka yangu Lefa, mchimbaji wa dhahabu kule Welkom. Kwa desturi yetu tulimpa jina la kwetu, Mmatshediso, yaani Mama Tshediso, hata kabla hajashika mimba. Akatii, na mtoto wa kwanza akawa Tshediso. Mapacha, Mpho na Mphonyana, walikuja mwaka 1998, mwaka mbaya kuliko yote, maana mgodi ulipunguza watu na kiwanda kikafunga. Nyumba nzima ikabaki inategemea ruzuku ya watoto, ile pesa ya serikali ya kila mwezi.

Mwaka 2004 wakaanza kukaanga makwenya, maandazi ya kwetu, uani. Kaka yangu alikanda unga kwa mikono iliyozoea kuvunja mwamba, mkewe akakaanga. Watoto wa shule na watu wanaowahi mabasi ya Bloemfontein walinunua yakiwa bado ya moto, na achari juu. Biashara ikachangamka, amani ikatoweka. Kwenye foleni ya ruzuku marehemu alikuwa amesikia kwamba mpokeaji akionekana anauza kitu hukatiwa ruzuku, tena hufungwa. Hakumwuliza afisa yeyote, kwani nani humwuliza simba kama ana njaa? Bila ruzuku mapacha wangelala njaa, na bila makwenya wangebaki na ruzuku tu maisha yao yote. Basi alikaanga huku akichungulia barabara.

Jirani yake Dieketseng ndiye aliyebuni dawa. Siku gari jeupe la serikali lilipoingia mtaani, alikimbia akapaka madirisha majivu, kama ya nyumba yenye msiba. Akamkalisha Puseletso kwenye godoro la mfiwa, akamfunika blanketi, na wateja waliokuwa uani wakashika wimbo wa kanisani. Msibani hakuna anayeuliza kwa nini mnakaanga vingi. Afisa wa ustawi, binti mmoja aitwaye Nthatisi, alipoyaona majivu alivua viatu, akaketi chini na kuomba dua ndefu. Kisha akauliza kwa upole, "Aliyetutoka ni nani?"

Hilo hawakuwa wamelipanga. Dieketseng akajibu, "Baba wa nyumba hii, mwanangu. Ghafla tu."

Hapo hapo kaka yangu akatokea mlangoni na gunia la unga begani, akauliza wanamwimbia nani.

Puseletso akalitupa blanketi. "Binti yangu, hapa hajafa mtu. Mimi nauza makwenya. Kama ni kufunga, nifunge mimi, ruzuku ya mapacha iache."

Alikuwa analia. Nthatisi naye alikuwa anatokwa machozi, ila ya kicheko. Alipotulia alimweleza kwamba kuuza hakukatazwi. Kinachotakiwa ni kusema unachopata, na alichopata yeye kilikuwa chini kabisa ya kiwango cha kukatwa. "Mama, umemuua mume bure," akamwambia. Kesho yake marehemu alikwenda ofisini akaieleza biashara yake yote, na ruzuku haikuguswa. Asubuhi iliyofuata alilala fofofo, kaka yangu akakanda na kukaanga peke yake, akaunguza nusu. Tuliyala hivyo hivyo kwa furaha.

Kufikia mwaka 2009 makwenya yalikuwa na chumba chake chenye mlango, na Tshediso na majirani wawili walipata kazi humo. Marehemu akavaa sare yake ya kanisa, akarudi ofisini kusema wanawe hawahitaji tena ruzuku. Karani akachanganyikiwa. "Mama, hapa watu huja kuomba. Wa kurudisha sijui nampeleka dirisha gani." Alisubiri hadi wakalipata.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, akawa anasimamia kazi akiwa kitini, kwa maneno mengi. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, nyumbani kwake, kaka yangu akiwa amemshika mkono. Tunalia, lakini pia tumepumua, maana maumivu ya miezi ya mwisho yalikuwa makali na sasa yamekwisha.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na Dieketseng, ambaye yuko hapa mbele na hatapewa jambo lolote la kupanga.

Wiki mbili kabla hajatutoka nilimwuliza niandike nini. Nilitaka kumpamba, akakataa. "Wifi, usinifanye shujaa. Sema niliogopa sana. Halafu sema niliacha kuogopa."

Nimesema, wifi yangu. Pumzika kwa amani.