Ujumbe wa Kumwombea Lorine Shule

Benchi letu liko nyuma ya kinu cha unga, posho mill ya Kosele, na Januari hiyo ya 1994 lilikuwa moto kuliko birika la Osoro, muuza kahawa. Lorine, binti ya Walter fundi redio, alikuwa ameongoza tarafa nzima katika mtihani wa darasa la nane, halafu akaitwa shule ya kutwa isiyo na maabara. Kesho yake ofisa wa elimu Homa Bay angesikiliza rufaa, na shule ya bweni aliyoitaka ilibaki na nafasi moja tu. Sisi tulishaipata dawa yake. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini.

— Ni kompyuta ya Nairobi, alisema Gordon, tunayemwita Bunge kwa kupenda kuhutubia. Inaona majina yetu yote inaanza na O, inadhani ni sifuri.

— Wacha kompyuta, Osoro akasema akimimina. Hiyo nafasi imepewa msichana hajazaliwa. Baba yake ako na cheo, anamwekea.

— Omera, ndugu yangu, hata huyo tutamtoa, akasema Jeff. Jeff ndiye tunayemwita Jagam, yaani mshenga, kwa vile ameoza nusu ya Kosele. Hii kitu ni kama posa. Tunaenda watu watano, mimi naongea. Walter, wewe baba unakaa kimya, unaangalia chini.

— Kimya kabisa?

— Hata ukiwashwa usijikune. Na jogoo tunabeba. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hivyo tumfunge vizuri.

— Na Rispa? Kama mama ya Lorine, anataka kuja.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Bunge akakata shauri. Mama abaki.

Tukacheka, tukagonganisha viganja. Jagam akasimama kufanya mazoezi. Akakohoa, akamsifu ofisa, akausifu ukoo wa ofisa, akawasifu ng'ombe wa ofisa ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Kwa maneno yale hata mimi ningepewa kidato cha kwanza.

Nyangi, mama anayetuletea mtama kutoka Migori, akatua gunia lake.

— Mnaoza nani?

— Hatuozi, Jagam akasema. Tunaenda kumwombea Lorine shule. Huyo mtoto ni kichwa.

— Na ofisa akitaka kuuliza hiyo kichwa swali, nani atajibu?

Jagam akaketi tena. Bunge akachungulia kikombe chake. Kwenye posa msichana haendi, na hakuna aliyekuwa amefikiria zaidi ya hapo. Niliona aibu.

— Lorine ako wapi sahi? Walter akauliza polepole.

— Nimempita mtoni, Nyangi akasema. Anafua shati yako ya kesho. Nimemuuliza kama anaenda, akasema hajaambiwa.

Walter akaweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa, akashika njia ya mtoni. Tulimsikia akimwita Lorine kabla hata hajafika kwenye mteremko.