Mkaguzi Aliyejiandikia Notisi

Wasifu huu umeandikwa na binti wa kwanza wa marehemu, kwa sababu ndiye aliyekaa naye nyumba moja miaka yake ya mwisho. Maneno ya ofisini mwa baba yake yanamchanganya hadi leo. Penye kosa, alaumiwe yeye, marehemu hahusiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1959, katika chumba namba saba cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, ambako baba yake alikuwa mchomaji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kutembea, kwa sababu kila akifika ukutani alikaa chini akautazama. Wajomba zake wakasema huyu ama atakuwa fundi, ama atakuwa mvivu wa kupindukia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari hadi 1977. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila daftari lake la jiometri mwalimu aliliomba abaki nalo. Mwaka 1980 alimaliza chuo cha ufundi na kupata cheti cha uchoraji wa majengo.

Mwaka 1981 aliajiriwa ofisi ya mipango miji akiwa msaidizi wa mchora ramani. Mwaka 1988 alipandishwa kuwa mkaguzi wa majengo, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwili ulipokataa. Kazi yenyewe, kama familia ilivyoielewa, ilikuwa hivi: mji umegawanywa, hapa makazi, kule maduka, kule viwanda. Anayejenga kwenye makazi lazima awe na kibali, na lazima aache mita tatu kati ya ukuta wake na mpaka wa jirani, hewa ipite na moto usiruke. Marehemu alipita nyumba hadi nyumba na tepu yake akihakikisha mita hizo tatu zipo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mita Tatu, na watoto walimwamkia hivyo hivyo: "Shikamoo, Mita Tatu!" Aliitikia bila kununa.

Alimwoa mke wake, mkunga, tarehe 6 Desemba 1986. Siku ya harusi turubai lilisimikwa asubuhi na wageni wakakaa. Bwana harusi alipofika aliona nguzo mbili zimeziba njia ya gari la zimamoto. Aliwainua wageni wote, wazee kwa watoto, turubai likasogezwa. Bibi harusi akauliza, "Huyu amekuja kunioa au kunikagua?" Walijaliwa mabinti watatu.

Mwaka 2017 ndoa ya binti yake wa kwanza ilivunjika, akarudi nyumbani na watoto watatu. Hapakuwa na pa kulala. Marehemu hakuuliza maswali mengi. Alisema, "Mama, weka mizigo chini," akachora ramani, akaomba kibali kama mtu mwingine yeyote, na kufikia Agosti alikuwa amejenga chumba kimoja ubavuni mwa nyumba, chenye madirisha mawili na mlango wake. Wajukuu waliingia rangi ikiwa bado inanuka.

Sasa hapa ndipo mwandishi anapochanganyikiwa, na anaomba avumiliwe.

Kwa miaka thelathini marehemu aliwaambia watu neno moja: pima kutoka kwenye jiwe la mpaka, usipime kutoka kwenye uzio, maana uzio mtu yeyote anaweza kuusogeza. Lakini kwake jiwe lilikuwa limefukiwa na halikuonekana. Naye, kwa haraka ya kuwapatia wajukuu pa kulala, alipima kutoka kwenye uzio.

Jumamosi tarehe 23 Februari 2019, akichimba mtaro wa bomba la maji, sururu iligonga jiwe lenye namba. Lilikuwa ndani ya uwanja wake, mita moja na sentimita arobaini kabla ya kufika kwenye uzio. Alipima mara tatu. Uzio ndio ulikuwa umeingia kwenye kiwanja cha jirani, na chumba cha wajukuu, alichodhani kimeacha mita tatu, kilikuwa kimeacha mita moja na sitini tu. Aliingia ndani, akanawa mikono, hakula.

Jumatatu binti yake alirudi kutoka kazini akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba chake. Iliandikwa kwa mwandiko wa baba yake: jengo limeingia katika eneo la wazi la pembeni, livunjwe ndani ya siku thelathini.

"Baba, unatufukuza?"

"Mimi simfukuzi mtu. Nimeandika notisi."

"Tofauti yake nini?"

Alieleza kwa muda mrefu, kwa upole, na binti hakuelewa hata sentensi moja. Mkunga naye akaja juu: "Baba wa wasichana, akili zako ziko sawa? Mtu anajishtaki mwenyewe? Nani alikuwa amekuona?" Binti alipanga nguo za watoto kwenye mifuko, na mifuko ikakaa mlangoni siku tisa. Siku hizo tisa hakumsemesha baba yake zaidi ya salamu. Anasema hili mbele yenu kwa sababu linamuuma.

Siku ya kumi alikuja rafiki wa marehemu wa ofisini, mchora ramani, akakaa jikoni akaeleza. Ipo kamati inayotoa ruhusa maalumu, kwa mtu ambaye jengo lake limekosea kipimo bila kukusudia na halimdhuru yeyote. Lakini kamati haifungui faili la mtu asiye na notisi. Bila notisi huna kosa, na bila kosa huna cha kuombea ruhusa.

"Kwa hiyo," binti akauliza, "ametuandikia tubomolewe ili tusibomolewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Na nyie huko ofisini mnaona hiyo ni sawa?"

Mchora ramani alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada, sisi tumezoea. Faili likishafunguliwa, kubomoa kunasimama mpaka kamati iamue. Ila kuna jambo moja. Jirani wa upande huo lazima atie sahihi kwamba hana pingamizi."

 Jirani wa upande huo ni mama mmoja, fundi cherehani. Mwaka 2011 marehemu alimwandikia notisi kwa sababu kibaraza chake, alipowekea cherehani apate mwanga, kilipungukiwa sentimita arobaini. Alikivunja mwenyewe. Tangu siku hiyo salamu yake ilikuwa fupi.

Marehemu alikwenda kwake Jumapili ya tarehe 10 Machi. Binti alimfuata nyuma akiwa amebeba tepu, hajui kwa nini ameambiwa aibebe.

Fundi cherehani alikuwa kizingitini. "Mita Tatu! Leo umekuja kubomoa nini? Nimebakiwa na mlango tu."

"Nimekuja kukwambia nilikosea, jirani. Kibaraza chako nilikipima kutoka kwenye uzio. Jiwe nimeliona juzi. Kutoka kwenye jiwe, ulikuwa umeacha mita nne kamili. Hukuwa na kosa lolote."

Fundi alimtazama, kisha akamtazama binti, kama anayetafuta mtu wa kumtafsiria. "Rudia."

Akarudia.

"Miaka minane nashona gizani, macho yangu yameisha, kumbe sikuwa na kosa?"

"Hukuwa na kosa. Na ile mita moja na arobaini hadi kwenye jiwe ni ardhi yako."

"Na sahihi yangu ndiyo unayoitaka? Nimesikia, mtaa huu hauna siri."

"Naihitaji. Lakini hili ningekuja kukwambia hata kama siihitaji."

"Mkono wangu hautii sahihi yoyote," fundi alisema, "mpaka kibaraza changu kirudi." Akafunga mlango. Njiani binti alilia. Marehemu alisema tu, "Ana haki," akaomba tepu yake.

Mwezi Mei marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Tarehe 21 Mei madaktari walisema ni uvimbe kwenye ini na umeshakua. Alilazwa mara tatu, kitanda cha dirishani. Hapo kitandani, juu ya ubao wa kukatia mboga alioletewa na mkunga, alichora ramani ya kibaraza cha fundi cherehani. Ilimchukua wiki tano, maana mkono ulitetemeka na hakukubali mstari uliopinda. Hiyo ndiyo ramani yake ya mwisho. Kibali chake kilitoka Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Binti alimpelekea hospitali akakisoma chote, akasema sehemu ya paa imepigwa muhuri vibaya lakini inatosha. Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Kamati itakaa kuliamua faili la chumba Jumatano ijayo, tarehe 11. Binti ataingia mahali pa baba yake. Hajui atasema nini, na maneno yao bado hayajamkaa. Anaogopa.

Juzi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, fundi cherehani alipita katikati ya watu na fomu mkononi. Kibaraza hakijaanza hata kuchimbwa msingi, lakini ameshatia sahihi. Binti alipoipokea alimwuliza swali ambalo hakuwa amemwuliza mtu mwingine: "Mama, na wakikataa je? Wakisema kivunjwe?"

"Wakisema kivunjwe, kivunjwe. Watoto watalala kwangu. Upande wangu kuna nafasi, mwanangu, baba yako mwenyewe kaipima."

Marehemu ameacha mke, mkunga mstaafu, mabinti watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, wafanyakazi wenzake wa mipango miji, na jirani mmoja. Watoto wanne waliokuwa wakimkimbilia barabarani leo asubuhi wameuliza watamwamkia nani.

Alipima maisha yake yote. Sasa apumzike, wengine washike tepu.