Elektrodi za Asmahani

Baraza ya duka moja pale mtaa wa Mabawa, mwaka 1956, ilikuwa na wenyewe. Uweso, mchomeleaji vyuma wa karakana ya reli, aliitwa Cheche. Methusela, mwendesha mashine ya sinema, aliitwa Kaboni. Laurenti, mtia chaji betri za magari na redio, walimwita Tindikali. Alasiri hiyo walimpisha katikati baba yangu mkubwa, Hatibu, na muuza kahawa akamtangulizia kikombe. Mkewe, Asmahani, alikuwa amelazwa hospitali. Tangu surua imchukue mtoto wao wa pekee, hakula ila kwa kulishwa, wala hakutamka neno. Daktari alitaka kumpitishia umeme kichwani, na alimtaka mume ajibu kabla ya magharibi.

CHECHE: Unapitia wapi huo umeme, yakhe?

HATIBU: Hapa na hapa. (Akajigusa panja zote mbili.) Vibamba viwili vya chuma, vimefungwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Anaviita elektrodi.

CHECHE: Elektrodi! Ungesema mapema! Mimi nazishika tangu vita viishe. Chuma kimekatika, unakigusisha kijiti, cheche zinaruka, kimeungana. Shemeji kuna kitu kimekatika ndani. Kitaungwa.

KABONI: Wewe unaunga reli, bwana, yule ni mtu. Elektrodi ni zangu mimi, za makaa, mle ndani ya mashine. Mbili, zinatazamana, hazigusani, na pale katikati unatoka mwanga unaojaza ukuta mzima. Shemeji ameingiwa na giza tu.

TINDIKALI: Na filamu ikikwama mbele ya huo mwanga?

KABONI: Inaungua.

TINDIKALI: Ehee!

KABONI: Lakini nakata pale palipoungua, naunga, picha inaendelea. Watazamaji hata hawajui.

HATIBU: Kinachokatwa ni nini?

KABONI: Kilichoharibika, basi.

TINDIKALI: Hamjui kitu nyie. Betri ikifa, unaitupa? Zile bamba za madini ya risasi ndani yake ndizo elektrodi zenyewe. Unazirudishia umeme, inaamka. Shemeji amekwishiwa chaji, hivyo tu. Kesho utamkuta anakuimbia.

CHECHE: Na ukizidisha?

TINDIKALI: Inachemka mpaka inapasuka.

Hatibu akaweka kikombe chini.

TINDIKALI: Betri, jamani. Nasema betri.

HATIBU: Laurenti, yule ni mke wangu.

TINDIKALI: Niwie radhi, kaka.

HATIBU: Daktari kasema mwili utatetemeka, kisha atalala. Akiamka, huenda akawa amesahau mambo ya karibuni.

KABONI: (akipiga paja) Si ndicho kile kipande! Kimekatwa! Msiba umetoka, mke amebaki. Unangoja nini?

CHECHE: Kweli. Hata mimi, kasoro ya chuma naiondoa kwanza ndipo niunge.

TINDIKALI: Nenda, kaka. Jua linakwenda.

Hatibu akainuka. Uso wake, uliokuwa umekaza tangu mazishi, ukalegea kidogo. Hapo ndipo alipofika Bi Mboni, mama yake Asmahani, ametoka kijijini Kigombe na kikapu cha chakula cha mgonjwa.

— Shikamoo, mama, wakasema wote kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Mwanangu vipi?

Kaboni ndiye aliyemweleza, kwa furaha, habari za umeme, za kusahau, na za filamu. Bi Mboni akatua kikapu chini.

— Akisahau msiba, si ataamka akijua ana mtoto?

Kaboni akakisogeza kikapu kivulini.

— Atauliza, mbona haletewi. Nani atamwambia?

Cheche akatazama viganja vyake. Tindikali akamgeukia Kaboni, Kaboni akamgeukia Hatibu.

— Mimi, mama, akasema Hatibu.

— Na huo umeme atatiwa mara moja tu?

— Hapana. Daktari kasema utarudiwa, mpaka apate nafuu.

— Basi kila akiamka huenda akafiwa upya. Utamwambia mara ngapi, baba?

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Hatibu aliwatazama mafundi wake watatu, mmoja baada ya mwingine, akingoja yeyote aseme lolote, hata la kijinga. Adhana ya magharibi ilipoanza, alikuwa bado amesimama palepale.