Mama Eliya na Mwanga wa Kidonge

Shinyanga, Ijumaa, 27 Juni 2025. Nimepewa ukurasa mmoja katika ratiba ya sherehe, nami nimeahidi kusema yote, hata yale ambayo wenye sherehe wangependa yasubiri.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Bi. Salome Maduhu, yaani Mama Eliya, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya kupima dawa hapa Kambarage. Wafanyakazi wenzake hawakupata nafasi ya kuandika, kwa kuwa wanapamba ukumbi. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, Limi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ninayefundishwa naye kila Jumamosi.

Kazi yake hufanyika gizani. Husaga kidonge cha kuua bakteria, hukiyeyusha, kisha hukichanganya na kemikali ndani ya kisanduku cheusi. Hapo hutokea mwanga hafifu mno kwa macho yetu, lakini jicho la mashine huuona na kuuandika kwa namba. Dawa ikiwa nyingi, mwanga huwa mwingi. Kidonge cha chaki hakiwaki. Umeme ukikatika mtaa mzima hulalamika; yeye husikitikia mashine tu, maana giza alikuwa nalo tayari.

Mwaka 2013 alichukua vidonge katika duka moja la dawa la Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko mnunuzi wa dhahabu hupima punje moja mara tatu, kisha akiumwa humeza kidonge bila kukiuliza kitu. Vidonge vile havikuwaka hata kidogo. Aliporudi na majibu, mwenye duka alikuja juu huku akikohoa.

"Mama, mashine yako imezeeka! Dawa yangu inaponya watu kila siku."

"Basi meza viwili, mwanangu, nikuone."

Mwenye duka akaingiza mkono mfukoni, akatoa dawa aliyonunua kwa jirani.

Mwaka 2017 alikuja mgeni rasmi kuuona mwanga huo. Kwa kawaida simu zote hubaki getini, ndani ya sufuria ya Benjamini, mlinzi wetu. Siku ile kila mtu aliacha yake, ila hakuna aliyethubutu kumwomba mheshimiwa. Mfuniko wa kisanduku ulikuwa umelegea. Katikati ya kipimo simu ikawaka kwenye mfuko wa shati lake, namba zikapaa, watu wakapiga makofi. Mgeni akaisifu dawa ile kwa hotuba ndefu.

Mama Eliya akasubiri amalize, akapiga goti.

"Shikamoo, mheshimiwa. Tumepima simu yako."

Akarudia kipimo: dawa haikuwa na kitu, ikazuiwa isiuzwe. Yeye akapewa barua ya onyo kwa kukosa adabu mbele ya mgeni. Mei Mosi iliyofuata akapewa cheti cha mfanyakazi hodari. Vyote viwili vimo katika faili moja na vinahusu siku ileile.

Leo wenzake wanamzawadia taa kubwa ya sola.

Jumanne kisanduku kitafunikwa kitambaa, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kukitumia. Tumeambiwa mchakato wa kumpata mrithi unaendelea. Mwaka jana pia ulikuwa unaendelea. Pakiti kumi na moja kutoka Rwamgasa ziko kabatini, hazijapimwa, na nyingine kama hizo ziko madukani, watoto wanapewa. Mama Eliya amejitolea kuja kila Jumamosi, bure, anifundishe mimi na yeyote atakayeletwa. Lakini mstaafu hurudisha kitambulisho, na Benjamini hamfungulii asiye na kitambulisho, hata akiwa shangazi yake.

Asante, Mama, kwa kila kidonge ulichokikataa kwa niaba yetu. Kaa salama na Eliya na wajukuu. Usiugue, na ukiugua, dawa yako iwake.

Nawe Mkuu wa Maabara, utasimama kuhutubia mara baada ya ukurasa huu kusomwa. Naomba unijibu hapohapo, kabla ya keki: Jumamosi ya tarehe 5 Julai, saa tatu asubuhi, Benjamini atatufungulia geti?