Historia ya Mkunga Aliyekaa Hadi Mwisho wa Kikao

Ndugu, jamaa na majirani mlioketi uwanjani hapa, maneno haya yameandikwa na mume wa marehemu, nami mdogo wake nimepewa niyasome, kwa kuwa amesema sauti yake leo si ya kuaminika.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tano wa fundi cherehani na mke wake, na inasemekana mkunga alichelewa, mtoto akamtangulia, jambo ambalo marehemu alilitaja kila alipoulizwa kwa nini yeye hachelewi kazini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1969, ambako mwalimu mkuu aliandika kwamba ana akili lakini mbishi, na baba yake aliposomewa akasema akili ameitoa kwake, huo ubishi waulizwe wajomba. Alihitimu chuo cha uuguzi na ukunga Novemba 1973, akaajiriwa katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Wauguzi aliowalea wanamkumbuka kwa mikono aliyoipasha joto kabla ya kumgusa mzazi, na kwa neno alilomwambia kila aliyeharakisha mambo: "Keti kwanza, dada. Anayekuja atakuja, kazi yetu ni atukute tupo."

Aliolewa tarehe 6 Agosti 1977 na mwandishi wa historia hii, ambaye alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya upimaji ardhi na jozi moja ya viatu, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili, na baadaye wajukuu saba. Mwaka 1984 walipata nyumba hapa kwenye ushirika wetu wa nyumba, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na marehemu alipofika juu akafungua dirisha la jikoni, akauona uwanja huu, nguo kwenye kamba na watoto wakikimbizana chini yake, akasema, "Hapa hatuhami."

Kuhusu jambo lililompa jina la Mama Kiti, ambalo vijana wengi mnalijua kwa kusikia tu, familia imeona lisimuliwe kama lilivyokuwa.

Mwaka 2012 bodi ya ushirika ilikusudia kuuza uwanja huu kwa shemeji wa mwenyekiti, ajenge maduka. Kanuni zilitaka wanachama wapige kura katika mkutano mkuu, lakini bodi ilikuwa na njia yake ya siku nyingi: kila mara jambo zito liliwekwa mwisho wa ajenda, mwenyekiti akasoma taarifa tangu asubuhi, akina mama wakatoka mmoja mmoja kwenda kupika, wazee wakaenda kunywa dawa, na jioni jamaa zake waliobaki mbele wakanyoosha mikono, likapita. Ndivyo tulivyopoteza bustani ya nyuma, na hakuna aliyethubutu kulalamika, maana kila mmoja alijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeondoka.

Safari hii hata mabenchi ya ukumbi yalitolewa, ikasemwa yanapakwa rangi, watu wakasimama. Marehemu, ambaye magoti yake yalikuwa yamechakaa kwa kusimama wodini, alitoka kimya, mumewe akadhani amekata tamaa, kumbe amepanda juu, akarudi na kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya ukumbi, akaketi. Mwenyekiti akamtania, "Vipi mama, unahamia?" Watu wakacheka. "Sihamii, mwanangu," akajibu, "nimeingia zamu." Basi waliokuwa karibu naye wakakaa sakafuni, na wa nyuma yao wakakaa, hata mwenyekiti alipoona hakuna anayeelekea mlangoni, akaahirisha mkutano.

Siku chache baadaye katibu wa bodi alipanda hadi ghorofa ya nne, akahema, akanywa chai, akaeleza kwamba kuna nyumba ya chini imebaki wazi, isiyo na ngazi hata moja, na bodi ingependa kumpa mama yetu kwa kuyahurumia magoti yake, mradi siku ya mkutano apumzike nyumbani. Mumewe, aliyekuwa akimwona kila asubuhi akishuka kinyumenyume huku ameshika ukuta, alitaka sana akubali, akamwambia hivyo mkewe hata kabla katibu hajafika chini. Marehemu hakukasirika. Alisema, "Baba watoto, hata mimi naitaka. Lakini nikiingia kwa mlango ule, nitatokea mlango gani?" Akaosha kikombe cha mgeni, akavaa kandambili, akaenda kugonga kwa jirani.

Alifanya alichokijua, akapanga zamu. Alipita ghorofa kwa ghorofa akiwagawa watu kama alivyowagawa wauguzi, hawa wakae asubuhi na wale wapike, kisha wapokezane, mwenye mtoto mchanga aje naye, mwenye dawa aje nazo, na kila mtu na kiti chake.

Tarehe 17 Novemba 2012 ukumbi ulijaa viti vya kila namna, mpaka kochi la fundi bomba, lililobebwa na wanawe. Mwenyekiti alisoma taarifa ya mwaka, akarudia ya mwaka uliotangulia, akaanza kusoma maelekezo ya zimamoto, na sauti yake ilipoanza kukwama marehemu akainuka, akampelekea kikombe cha maji ya moto, akamwambia kwa upole ule ule wa wodini, "Kunywa, mwanangu, usijikaze. Bado tupo." Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti mwenyewe akacheka kabla hajaweza kujizuia, na mume wa marehemu anaamini hapo ndipo kura ilipopigwa. Mikono iliponyooshwa jioni, watu walikuwa wengi kuliko asubuhi. Uuzaji ulikataliwa, na mwezi Machi uliofuata bodi yote iliondolewa. Walipomwomba marehemu awe mwenyekiti alikataa, akasema, "Mimi nimezalisha, kulea leeni nyinyi."

Ile nyumba ya chini alipewa fundi viatu mwenye mtoto asiyetembea, ambaye zamu yake ilikuwa imerukwa kwa miaka, na aliyeisimamia haki hiyo ni marehemu. Yeye alibaki juu, na halikuwa jambo jepesi, kwani tangu 2019 hakuweza tena kushuka bila kushikwa.

Februari 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa hospitali ile ile aliyoitumikia, kisha akaomba auguzwe nyumbani. Alasiri ya tarehe 9 Juni 2023 dirisha la jikoni lilikuwa wazi, watoto wakipiga kelele za mpira hapa chini, na binti yake alipokwenda kuwanyamazisha, marehemu alisema, "Waache." Hilo ndilo neno lake la mwisho lililosikika vizuri. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inamshukuru daktari aliyepanda ngazi zile kila wiki, wauguzi wa wodi ya wazazi, vijana waliombeba marehemu kila alipotakiwa kliniki, na majirani wa ghorofa zote. Inamshukuru pia aliyekuwa mwenyekiti, aliyefika juzi, akakaa na mfiwa tangu mchana hadi giza, bila kusoma taarifa yoyote.

Watoto wasizuiwe kucheza hapa kesho kwa sababu ya msiba. Mume wake ataendelea kuishi ghorofa ya nne, na atakuwa anawasikia.

Mama, bibi, mkunga wetu, zamu yako imekwisha, umetukabidhi salama. Kapumzike kwa amani.