Miaka Thelathini ya Kuwasemea Watu

Ejok, hamjambo, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mnanijua. Nitajitahidi. Sitamtaja mtu kwa jina isipokuwa Mungu, aliyenivumilia kuliko nilivyostahili.

Kazi yangu hapa Lodwar mnaijua. Kwa miaka thelathini, mhubiri akija na Kiswahili au Kiingereza, mimi husimama kando yake nikimtafsiri kwa Kiturkana. Mhubiri akipoa, namchangamsha. Akisahau mstari, namwongezea. Mkawa mnaniambia, "Mzee, leo mahubiri yalikuwa ya mkalimani," nami narudi nyumbani nimevimba kama kiriba. Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa wangu ulianzia kwenye sifa hiyo.

Mwaka jana shirika moja lilinichukua kwenda Kakuma, kambini. Alikuwa amekuja mama Mmarekani, mshairi na mwandishi wa riwaya, kuwafundisha wakimbizi kuandika maisha yao. Mimi nikawa ulimi kati yao.

Siku ya kwanza alieleza maisha yake mwenyewe. Alilelewa kanisani, akasema, akaacha kwenda akiwa na miaka ishirini na hajarudi. Nikatafsiri, "Mama huyu alilelewa kanisani," nikanyamaza hapo. Akasema aliosha vyombo hotelini huku akiandika mashairi ambayo hakuna aliyeyataka, akaingia kwenye pombe, mume akamwacha. Nikasema, "Alipitia majaribu." Akasema riwaya yake ilikataliwa na wachapishaji miaka tisa, naye akaendelea kwa ukaidi tu. Nikasema, "Aliomba bila kuchoka, na Mungu akafungua mlango."

Vijana wanaojua Kiingereza wakaanza kuchekea viganjani. Mmoja akanong'ona, "Mzee amemwokoa mzungu na mwenyewe hana habari." Nikamkazia macho. Niliona ni utovu wa adabu.

Na hayo mashairi! Mimi nilifundishwa kwamba shairi lina vina na mizani. Ya huyu mama yaliishia popote, kama mtu aliyekatiwa simu. Nilichoka naye. Kila nikimaliza kutafsiri ananiuliza, "Amesema maneno manne, wewe umesema kumi na manne. Hayo kumi umeyatoa wapi?" Nikamjibu, "Mama, Kiswahili ni kizito." Mungu anisamehe, nilikisingizia Kiswahili.

Siku ya tano akasimama dada mmoja wa Kongo ambaye hakuwa amesema lolote tangu tuanze. Akasoma:

"Jirani yangu alikula kwenye sufuria yangu.
Asubuhi akawaonyesha watu mlango wangu.
Sijamsamehe."

Akaketi. Niliona maneno hayo si mazuri kwa nafsi yake, wala kwa kijitabu ambamo yangechapishwa. Nikamwambia Mmarekani kwamba dada amemsamehe jirani yake na kumwachia Mungu. Mmarekani akaandika. Safari hii vijana hawakucheka. Mmoja akamwinamia dada, akamweleza.

Dada akanigeukia. "Papa, miye sikusema nimesamehe."

"Binti yangu, utasamehe. Nimekutangulia tu."

"Ulikuwa pale?"

"Hapana."

"Sasa unamsamehe nani?"

Akakunja karatasi yake, akatoka. Kesho yake hakuja. Nami nikaambiwa kwa upole kwamba kuna gari linarudi Lodwar.

Nilinung'unika miezi mingi. Aliyenisalimu mtaani kwetu Nawoitorong alisikia habari hiyo yote kabla hajauliza hali ya mbuzi. Nimefukuzwa kwa kusema mema! Mke wangu alinisikiliza tu, mkono tumboni.

Wapendwa, ni tumbo hilo lililonifunza. Mke wangu hajui Kiswahili, na daktari wetu hakujua Kiturkana. Mara tatu nilimpeleka hospitali, mara tatu tukarudi na vidonge vya kiungulia. Mara ya nne chumbani alikuwamo muuguzi, binti wa Kiturkana. Daktari akauliza, mke wangu akajibu, nami nikatafsiri, "Tumbo linamsumbua kidogo, lakini Mungu ni mwema."

Muuguzi akaweka faili chini. "Baba, samahani. Mama amesema anatapika damu tangu mvua zilipokatika. Amesema anaogopa kufa."

"Sikutaka kutaja mabaya mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye aliyeyataja. Mara zile tatu ulimwambia daktari nini?"

Mke wangu hakuelewa Kiswahili chetu, ila aliuelewa uso wangu. Akaniambia polepole, "Kwa hiyo daktari hajui. Muda wote huu hajui."

Alilazwa papo hapo. Nilikaa wiki mbili kwenye benchi la nje ya wodi, na hata nilipoomba nilijikuta nampambia Mungu maneno. Mwishowe nikamwambia hivi: nimekaribia kumuua mke wangu kwa ulimi mtamu. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza isiyo na nyongeza.

Alipopona nilirudi Kakuma. Nilimkuta yule dada kwenye foleni ya maji. Nikamwambia, "Nilikusemea usichosema. Naomba radhi."

Akaendelea kujaza ndoo yake. "Mzungu alishaenda."

"Kijitabu hakijachapishwa. Nitamwandikia, ukikubali."

Akanisomea tena. Nikaandika Kiingereza chini yake, mstari kwa mstari. Nilipofika pa kutosamehe, mkono uliniwasha kuongeza "lakini". Nikaweka nukta. Dada hakuniamini, na alikuwa na haki. Akamwita mwenzake ajuaye Kiingereza akague. Akakagua, akasema, "Ni hivyo hivyo." Ndipo dada akanipa mkono. Kijitabu kilipotoka, maneno yake yalikuwamo, mafupi vile vile.

Namshukuru dada huyo kwa kunirudi. Namshukuru Mmarekani aliyehesabu maneno yangu. Namshukuru muuguzi aliyemkatiza mzee mbele ya daktari; wengi wangeona haya. Ndugu zangu, Mungu alisikia kilio cha Ayubu kama kilivyotoka kinywani mwake, bila mkalimani wa kukilainisha. Tumwache kila mtu alie kwa sauti yake.

Mchungaji aliniomba niwaeleze pia jinsi mke wangu alivyopona. Hayo ni yake. Atasimama sasa, awaambie kwa Kiturkana. Wageni msioijua lugha, sogeeni kwa yule muuguzi aliyeketi karibu naye, atawatafsiria. Mimi nakaa.